Nani Ameandika Majina Yao?

Tahariri

Katika mwaka mmoja wa 2015, wilaya moja ya Kahama ilifiwa mara tatu. Usiku wa tarehe 3 Machi, mvua ya mawe iliyoandamana na upepo mkali iliipiga Mwakata na vijiji vya jirani; kuta za udongo zikalowa na kuwaangukia watu waliokuwa wamelala, na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha. Mwezi Aprili, huko Kalole katika kata ya Bulyanhulu, kifusi kiliwafunika wachimbaji wadogo na 19 kati yao wakafa. Tarehe 5 Oktoba machimbo ya Nyangarata yakaporomoka, wachimbaji sita wakabaki chini ya ardhi. Zikapita siku 41, na wengi walikwisha kuwahesabu kuwa ni marehemu. Mwezi Novemba watano wakatolewa wakiwa hai, baada ya kujilisha mizizi na wadudu gizani. Mwenzao wa sita alikuwa amekwisha kufia chini, na mmoja wa waliookolewa akafariki baadaye hospitalini.

Hayo hayakuwa mwisho. Mwezi Januari 2017, watu 15 walinaswa ndani ya mgodi huko Nyarugusu, Geita, nao kwa bahati njema waliweza kuwapelekea waokoaji ujumbe kwamba wako hai, wakatolewa wote baada ya siku chache. Mwezi Januari 2024, katikati ya mvua, watu 22 walikufa katika machimbo ya wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu, eneo ambalo hadi mwaka 2012 lilikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga. Na tarehe 11 Agosti 2025, wafanyakazi 25 walifukiwa katika mgodi wa Nyandolwa, wilaya ya Shinyanga, na kazi ya kuwatafuta ikachukua siku nyingi.

Kila yanapotokea maafa ya namna hii, waumini wetu hukimbia na majembe, na akina mama hupeleka uji na maji. Twawashukuru kwa hayo. Lakini lipo swali linaloulizwa pembeni mwa kila shimo, nalo mara nyingi hukosa jibu: ni akina nani waliomo humo chini? Ni wangapi? Wametoka wapi? Nani wa kwao apelekewe habari? Katika tahariri hii twataka kulishika swali hilo moja, na kumtaja mtu ambaye hatumkumbuki kabisa tunapozungumza habari za maafa. Mtu huyo ni mkutubi, yaani mtunza maktaba, pamoja na ndugu zake wote wa kazi hiyo: mtunza kumbukumbu wa parokia, karani wa kigango, mwalimu mwenye ufunguo wa kabati la vitabu, na mtendaji wa kijiji mwenye daftari la wakazi.

Daftari lililozama na mwenye nalo

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa ni hivyo kwa mali, je, si zaidi sana kwa watu?

Sisi wa Kanda ya Ziwa tumefundishwa jambo hili kwa uchungu. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ilikuwa na uwezo wa kuchukua abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Abiria wa daraja la tatu, yaani maskini, hawakuwa na orodha. Idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi hukaribia 900, na wako wanaosema ilizidi hapo. Lakini hakuna awezaye kutaja jina la kila mmoja. Aliyelipa nauli kubwa aliandikwa jina. Aliyelipa nauli ndogo alizama bila jina.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, katika wilaya ya Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Viongozi walieleza kwamba ilikuwa vigumu kujua idadi kamili ya waliopanda, kwa sababu mkata tiketi alizama pamoja na mashine yake. Yaani kumbukumbu ilikuwepo, lakini ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ndani ya chombo kile kile kilichozama. Kila mkutubi aliyefundishwa kazi yake angeweza kutuonya juu ya kosa hilo, kwa maana ni kanuni ya kwanza ya kazi yake: nakala moja si nakala.

Mwaka ule ule wa 1996 ilitokea habari ya Bulyanhulu. Mwezi Agosti wachimbaji wadogo waliondolewa katika eneo lile kupisha kampuni. Baadaye yakatolewa madai kwamba zaidi ya wachimbaji 50 walifukiwa mashimoni wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikanusha, na ofisi ya malalamiko ya mashirika ya Kundi la Benki ya Dunia, katika taarifa yake ya mwaka 2002, haikuona uthibitisho wa madai hayo. Waliotoa madai hawakuridhika, na mabishano hayajakoma katika mioyo ya watu. Sisi hatukai hapa kuamua shauri hilo. Twasema neno moja tu: kama kila duara lingekuwa na daftari la majina, na nakala yake ikatunzwa mahali pa salama mbali na machimbo, ukweli ungejulikana kwa muda mfupi. Kama hakuna aliyefukiwa, waliosingiziwa wangesafishwa. Kama yupo aliyefukiwa, jina lake lingeita. Mahali pasipo na kumbukumbu, mwenye hatia na asiye na hatia hukaa katika giza moja.

Mchungaji wa Injili alijuaje kwamba amepungukiwa na kondoo mmoja kati ya mia? Alikuwa amehesabu.

Mkutubi ni nani kwetu?

Wengi wetu tukisikia neno maktaba twafikiri nyumba ya mjini yenye rafu na wanafunzi walioinamisha vichwa. Nyumba hiyo ipo, nayo ni ya heshima. Huduma za Maktaba za taifa letu ziliwekwa kwa sheria ya mwaka 1963, ikafuatiwa na sheria nyingine ya mwaka 1975. Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Maktaba ya mkoa ipo mjini Shinyanga, na huko Bagamoyo kipo chuo kinachowafundisha wakutubi na watunza nyaraka.

Lakini kazi ya mkutubi ni kubwa kuliko nyumba yake. Ni kukusanya habari zilizo za kweli, kuzipanga ili zipatikane upesi, kuzitunza zisiharibike, na kumpa kila aulizaye bila kumbagua. Habari ya kweli, ipatikanayo upesi, iliyotunzwa, itolewayo kwa wote: je, kuna kitu kinachohitajika zaidi siku ya maafa, ukiacha maji, chakula na dawa?

Wenzetu wa mbali wamekwisha kulitambua jambo hili. Baada ya kimbunga Katrina kuipiga Marekani mwaka 2005, maktaba zilizobaki wazi katika jimbo la Louisiana zilijaa watu waliotafuta ndugu zao na kusaidiwa kujaza fomu za misaada. Miaka michache baadaye serikali ya nchi ile ikazihesabu maktaba miongoni mwa huduma muhimu zinazostahili kutafutiwa mahali pa muda pale zinapoharibiwa. Jirani zetu wa Kenya, tangu mwaka 1996, wamekuwa wakiwabebesha ngamia vitabu huko Garissa ili kuwafuata wafugaji katika nchi ya ukame. Wao hawakungoja msomaji aje. Maktaba ilimfuata alipo.

Hata sisi si wageni wa kazi hii. Kati ya mwaka 1968 na 1972 mikoa ya Ziwa, Shinyanga ikiwemo, ilikuwa shamba la majaribio la mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa, ambapo watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu kazi zao wenyewe. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio, kijitabu, kikundi, kazi: hatuhitaji kubuni njia mpya. Jumuiya zetu ndogo ndogo hukutana kila juma. Kinachokosekana ni kijitabu, na mtu wa kukiandaa.

Kabla ya maafa

Kazi ya kwanza ni kufundisha. Mchimbaji kijana anayetoka Maswa au Meatu na kufika Katoro au Lwamgasa haoni mahali popote palipoandikwa kwa Kiswahili chepesi mambo yatakayomwua. Hajui kwamba nyufa zinazoonekana mdomoni mwa duara baada ya mvua ni onyo. Kwamba matimba yanayolia si ya kupuuzwa. Kwamba moshi wa mashine ya kuvuta maji iliyoshushwa shimoni huua kimya kimya. Kwamba zebaki ikichomwa katika chumba wanapolala watoto, mvuke wake huingia ndani ya miili yao na kuharibu ubongo na figo. Habari hizo zipo. Zimo katika taarifa za serikali, za vyuo na za mashirika, nyingi zikiwa kwa Kiingereza na zikiwa zimefungiwa makabatini. Mkutubi ndiye mwenye ujuzi wa kuzitafuta, kuzichagua, na kuzifikisha kwa watu kwa lugha waielewayo, na hata kwa Kisukuma pale inapobidi. Karatasi moja iliyobandikwa kwenye mwalo au kwenye karasha yaweza kuokoa watu wengi kuliko kitabu kinene kilichoko mjini.

Kazi ya pili ni kukumbuka. Maafa mengi ya kwetu hurudi. Mvua hurudi, ukame hurudi, na shimo lililoachwa wazi humngoja mtoto wa kizazi kingine. Ni vijiji vingapi vyenye orodha ya mashimo yaliyoachwa, mabonde yaliyojaa maji, na nyumba zilizoezuliwa? Wazee wanajua, lakini wazee wanakufa. Hapa Shinyanga tunao ushahidi mzuri wa faida ya kuwauliza wazee. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 nchi ikiwa inakaribia kuwa jangwa, ulifanikiwa hasa uliporudia desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kutenga malisho ya wakati wa kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zikarudishiwa uoto wake. Maarifa hayo hayakutoka ng'ambo. Yalikuwa yamelala katika kumbukumbu za wazee. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement alianza kukusanya urithi wa Wasukuma tangu miaka ya 1950, na mpaka leo makumbusho yale yanatufundisha kwamba Kanisa laweza kuwa mtunza mzuri wa kumbukumbu za watu. Parokia zetu na zifanye vivyo hivyo kwa kumbukumbu za maafa.

Kazi ya tatu ndiyo tuliyoanza nayo: daftari la majina. Kila mwenye duara awe na daftari linaloonyesha nani ameshuka, saa ngapi, na nani amepanda. Katika machimbo wengi hujulikana kwa majina ya utani tu. Kwa hiyo daftari liandike jina la kweli, kijiji alikotoka, na jina la ndugu wa kuarifiwa. Nakala itunzwe nje ya machimbo, mahali ambapo maji, moto na kifusi havitafika. Mahali hapo paweza kuwa ofisi ya kijiji, shule, au kabati la parokia.

Wakati wa maafa

Siku ya maafa yenyewe, adui wa kwanza ni kifusi, na adui wa pili ni uvumi. Mwakata ilipopigwa na mvua ya mawe, idadi ya waliokufa iliyotangazwa ilipanda mara kadhaa katika muda mfupi. Hilo laweza kutokea bila nia mbaya ya mtu yeyote, kwa kuwa maiti huendelea kupatikana. Lakini kila pengo la habari hujazwa na neno la mitaani. Siku hizi simu za mkononi hulichukua neno hilo hadi Dar es Salaam kabla vumbi halijatulia, na mama aliyeko Bariadi husikia kwamba mwanawe amekufa wakati yupo hai, au kwamba yupo hai wakati ameshakufa.

Sisi wa mikoa hii hatuhitaji kuambiwa ubaya wa uvumi. Tumewazika bibi zetu waliouawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu; macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni walipowapikia watoto na wajukuu kwa miaka mingi. Baada ya maafa makubwa watu hutafuta wa kumlaumu. Yafaa basi awepo mtu mahali pa tukio mwenye kusema: hiki tunakijua, hiki bado hatujakijua, na habari nyingine zitatolewa saa fulani hapa hapa.

Hiyo ndiyo kazi tunayoipendekeza. Karibu na eneo la tukio pawekwe meza ya habari, chini ya mti au katika darasa la shule. Mezani wakae watu wawili wanaojua kuandika vizuri na kutunza siri: mkutubi akiwapo, la sivyo mwalimu, katekista, au kijana wa VIWAWA aliyefundishwa. Waandike majina ya wanaotafutwa, majina ya waliopatikana, na hospitali walikopelekwa. Wabandike ubaoni taarifa zilizothibitishwa na mkuu wa uokoaji peke yake. Sungusungu wetu wanajua kupiga filimbi na kuzuia watu wasisongamane shimoni. Nao wawe na nakala ya orodha hiyo. Jambo hili halihitaji fedha nyingi. Lahitaji daftari, kalamu, ubao, na watu waliozoezwa mapema.

Baada ya maafa

Wageni wakiondoka, na magari ya serikali yakirudi mjini, ndipo yanapoanza maafa ya pili, maafa ya karatasi. Mjane aliyempoteza mumewe shimoni ataombwa cheti cha kifo kabla ya kufungua shauri la mirathi katika mahakama ya mwanzo. Ataulizwa ushahidi wa ndoa. Watoto wataulizwa vyeti vya kuzaliwa. Akitaka fidia, ataulizwa ni wapi palipoandikwa kwamba marehemu alikuwa akifanya kazi kwenye duara hilo. Na mwenye duara, ambaye jana alimwita marehemu mwanangu, leo aweza kusema hamjui. Mtu asiye na karatasi hufa mara mbili, na mara hiyo ya pili huwavuta wanawe pamoja naye.

Hapa Kanisa lina hazina ambayo wengi wetu hatujui thamani yake. Vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya mazishi vilivyomo katika ofisi za parokia ni miongoni mwa kumbukumbu za maandishi za muda mrefu kuliko zote katika vijiji vyetu. Cheti cha ubatizo ni moja ya nyaraka zinazoweza kumsaidia mtu anapoomba cheti cha kuzaliwa kwa kuchelewa. Cheti cha ndoa kimewasaidia wajane wengi kutetea haki zao mbele ya ukoo. Lakini twauliza kwa unyenyekevu: vitabu hivyo vinatunzwaje? Vingine vimeliwa na mchwa. Vingine vimewekwa sakafuni chini ya dirisha linalovuja. Na karibu vyote ni nakala moja tu, kama ile ya kivuko cha Ukara.

Maafa hayamchagui mtu, hata mtunza kumbukumbu. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 huko Kagera liliziharibu shule za Ihungo na Nyakato kiasi cha kufungwa. Huko Japani, tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 iliwachukua watumishi wote wa maktaba ya mji wa Rikuzentakata. Huko Cape Town, moto wa tarehe 18 Aprili 2021 uliteketeza maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu, yenye mkusanyiko mkubwa wa vitabu juu ya Afrika. Ikiwa hao wenye majengo imara wamepatwa, sisi wenye paa la bati na mbao tusijidanganye.

Kwa hiyo ni vema kila familia na kila kigango kijue mambo machache ambayo wakutubi huyajua vizuri. Vitabu viwekwe juu ya sakafu, mbali na ukuta wenye unyevu, ndani ya kabati au sanduku la bati. Vyeti vya nyumbani vitiwe katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, mahali ambapo mama au mtoto mkubwa aweza kuvishika usiku anapokimbia. Kila cheti kipigwe picha kwa simu, na picha itumwe kwa ndugu anayekaa mbali. Kitabu kikilowa, usikifute kwa kitambaa, wala usizibandue kurasa zilizogandamana kwa nguvu, wala usikianike kwenye jua kali. Kiweke kivulini penye upepo, kikisimama na kufunguliwa kidogo, na karatasi kavu iwekwe katikati ya kurasa na kubadilishwa mara kwa mara. Fanya hivyo upesi, maana baada ya siku mbili hivi ukungu huanza kuota.

Tahadhari ya haki

Wapo watakaotupinga, na sauti yao yastahili kusikilizwa. Mchimbaji asiye na leseni atasema: mkiandika jina langu, kesho orodha hiyo itatumika kunifukuza. Mwenye duara atasema: itatumika kunitoza kodi. Mwingine amemkimbia mdai, au ameiacha familia, naye hataki ajulikane alipo. Tusiwadharau. Katika historia ya machimbo yetu, orodha na amri za kuondoka zimetembea pamoja mara nyingi, na hofu ya mtu aliyefukuzwa mara moja haiondolewi kwa hotuba.

Jibu letu ni kwamba daftari la uokoaji lisiwe daftari la kodi wala la polisi. Liandikwe kwa kusudi moja, lifungwe, na lifunguliwe siku ya maafa tu. Mkutubi wa kweli humwambia mtu kilichomo kitabuni, lakini hamtangazii mtu mwingine nani alisoma nini. Adabu hiyo ya kutunza siri ndiyo tunayotaka iingie katika machimbo. Na kama serikali itatoa neno la wazi kwamba majina hayo hayatatumika kwa jambo lingine, na ikalishika neno lake, watu watajiandikisha. Kama haitatoa, wataendelea kushuka bila majina, na sisi tutaendelea kuuliza wangapi wamo.

Tunalopendekeza

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa tangu ngazi ya taifa hadi mkoa, wilaya, kata, na kijiji au mtaa. Sheria ni nzuri ikiwa kamati hizo zinakutana kabla ya kilio. Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo:

Kwanza, wenye mamlaka katika mikoa ya Shinyanga, Geita na Simiyu wawaalike wakutubi na watunza nyaraka katika kamati hizo, na kuwapa kazi maalumu ya kumbukumbu na habari.

Pili, ofisi za madini zisihesabu usalama wa duara kwa matimba peke yake. Daftari la wanaoshuka, pamoja na nakala yake iliyoko nje, liwe sehemu ya ukaguzi.

Tatu, kila Halmashauri ya Walei ya parokia, kabla ya mvua zijazo kuanza, ikague hali ya vitabu vya parokia, inunue sanduku la bati kama halipo, na kuhakikisha kwamba nakala au picha za vitabu hivyo zimepelekwa jimboni.

Nne, kila kigango kilichoko karibu na machimbo kichague watu wawili, mwanamke na mwanamume, wa kuzoezwa kazi ya meza ya habari. Maktaba ya mkoa iombwe kuwafundisha. Si lazima wawe wenye elimu kubwa. Wawe waaminifu na wenye mwandiko unaosomeka.

Tano, jumuiya ndogo ndogo zitenge mikutano minne ya mwaka kujifunza juu ya maafa ya mahali pao: mvua na upepo, machimbo, zebaki, na ukame. WAWATA wawasaidie akina mama kupanga vyeti vya nyumbani, kwa maana wao ndio watakaoulizwa vyeti hivyo siku ya msiba.

Ndugu wasomaji, Yusufu kule Misri hakungoja njaa ifike ndipo aanze kujenga maghala. Alitumia miaka ya shibe kuhesabu na kuweka akiba. Sisi hatuwezi kuzuia kila mvua ya mawe, wala hatuwezi kulishika kila duara lisiporomoke. Wachimbaji wataendelea kushuka, maana nyumbani kuna njaa na ada ya shule inadaiwa. Lakini twaweza kuhakikisha kwamba hakuna mtu anayeshuka chini ya ardhi ya nchi hii bila jina lake kubaki juu. Jumapili hii, baada ya ibada, mwulize katibu wa kigango chako: daftari letu liko wapi, na nakala yake iko wapi? Akishindwa kukujibu, msimwachie peke yake lawama. Kaeni pamoja naye, mkaanze kuandika.